Karavani Isiyo na Kitanda cha Mizelli

Shamba la Tolhurst, Kent
9 Juni 1974

Joan,

Ramani yako ya karavani mpya, hiyo nyumba yenu ya magurudumu, imefika. Imefika siku ya mvua, hatuchumi matunda, kwa hiyo nimepata muda wa kuitazama vizuri na kukasirika polepole.

Kwanza choo. Umechora choo ndani, kimeegemeana na jiko. Nilimwonyesha jirani yangu hapa shambani, akaniuliza kama mkwe wangu ni mzima kichwani. Miaka yote hii umeolewa na Mromani, umehamahama nasi kwa mila zetu, na bado hujaelewa kwamba pale watu wanapokula hapawekwi choo? Nyie magorja, watu msio wa damu yetu, mnajenga nyumba za matofali, mnakibandika choo ubavuni mwa jikoni, halafu mnapita barabarani mkitutazama na kusema sisi ndio wachafu. Choo kinakaa nje, mbali, na mlango umeangalia upande mwingine.

Pili sinki. Sinki la nini? Tuna mabakuli. Lipo la vyombo, lipo la mwili, lipo la nguo, na hayakutani hata siku moja. Sinki ni shimo moja la kumwagia kila kitu. Mwambie fundi asiliweke.

Tatu, na hili ndilo lililonifanya nishike kalamu. Upande wa kulia, chini ya dirisha, umechora kitanda chembamba ukaandika "Mama". Mama yupi? Kama ni mama yako, mkaribishe. Kama ni mimi, futa. Sikuomba kitanda na sitalala humo. Weka kabati hapo, refu mpaka darini. Watoto watatu wana nguo na mablanketi, na Patience ana kifua kibovu, nguo zake zisikae tena sakafuni kwenye unyevu.

Ulisema fundi anataka jibu kabla mwezi haujaisha. Jibu ndilo hilo.

Mizelli Buckland


Kiwanja cha Moor Lane, Doncaster
17 Juni 1974

Mama mkwe,

Salamu hukuniletea, na mimi sina za kukurudishia.

Choo nimekifuta. Lilikuwa wazo langu, kwa sababu mimi ndiye ninayetoka nje na mtoto anayekohoa wakati ndoo zimeganda barafu, siyo wewe. Lakini nimekifuta. Na sinki nimelifuta. Umeshinda mawili, piga vigelegele.

Kitanda hakikuwa wazo langu. Ni la mwanao. Tangu baba yake afariki, na karavani ya mzee ichomwe, Nelson hana wimbo mwingine: mama analala wapi, mama anakula na nani, mama atazunguka mashamba ya watu na hema mpaka lini. Amekata vyuma chakavu mvua na jua ili tupate nyumba mpya ya magurudumu kabla ya baridi, maana hii tuliyo nayo inavuja kila kona na daktari ameshasema majira mengine ya baridi humu kifua cha Patience hakitayahimili. Nelson alikaa na fundi mchana mzima kupima urefu wako. Kitanda kile kina urefu wako, mama mkwe. Mtu mwingine hakimtoshi.

Unajua hawezi kusoma. Barua zako namsomea mimi, nikiruka matusi, kwa hiyo huwa fupi sana. Hii ya mwisho sikupata cha kumsomea. Nilimwambia umesema ahsante.

Kama tatizo ni mimi, sema ni mimi, tuelewane.

Joan


Shamba la Tolhurst
25 Juni 1974

Joan,

Tatizo ni wewe.

Umeuliza, umejibiwa. Au unataka niendelee? Wiki ile ya kwanza Nelson alipokuleta, ulifua soksi zake kwenye bakuli la vyombo. Nilikukuta unaimba. Niliona sahani zangu za kauri, zile zenye ukingo wa dhahabu alizonipa mama yangu nilipoolewa, zinasubiri kuoshwa mle mle. Nilikwambia ni najisi, ukacheka, ukasema sabuni ni sabuni. Nilivunja kila sahani uliyokuwa umeshaiosha. Mume wangu Elias alinishika mkono akasema, mwache, atajifunza. Mimi sikuona umejifunza nini.

Elias alifia kwenye karavani yetu, na tuliichoma pamoja na godoro lake, saa yake, viatu vyake na picha zetu, kama inavyotakiwa. Mtu akifia ndani ya nyumba yake haibaki. Nilitoka na nguo za mwilini. Chini ya paa lile nililala na mume mmoja tangu nikiwa msichana, na unadhani sasa nitakuja kulala chini ya paa la mwanamke asiyejua tofauti ya soksi na sahani? Afadhali nilale kwenye kichaka.

Kabati. Na milango yake iwe na bawaba imara, siyo zile za bati.

Mizelli


Shamba la Tolhurst
26 Juni 1974

Mdogo wangu Sinfai,

Nakuandikia Gravesend kwa sababu huko kwenye nyumba yako ya matofali angalau barua hazipotei. Isome, halafu itie motoni, na mdomo wako uufunge.

Nilikwenda hospitali ya mjini. Nilijua utacheka, mimi na hospitali. Ni tumbo. Daktari alikuwa kijana mpole, alinishika mkono kama mimi ndiye mtoto. Alisema nijipange, Krismasi ni mbali. Nikamwambia mwanangu, sisi hatujipangi, sisi tunafungasha. Hakuelewa.

Sasa Nelson anajengewa karavani, na yule mke wake ameniwekea kitanda. Unaliona lilipo tatizo? Nikilala humo nitafia humo. Nikifia humo wataichoma. Nelson hana nguvu ya kununua nyingine, ameuza mpaka lori la pili, na ile karavani yao inayovuja fundi ataichukua kama sehemu ya malipo. Wajukuu zangu watarudi kwenye hema katikati ya barafu, na Patience, Sinfai, akivuta pumzi unasikia kama mlango usiotiwa mafuta. Sitaki kumzika mtoto yule kwa ajili ya kitanda changu.

Nikimwambia Nelson ukweli, atakuja kunibeba hata kwa kamba. Kwa hiyo namtukana mkewe kila barua ili afute kitanda yeye mwenyewe kwa hasira. Siyo kazi ngumu, nina mengi ya kumwambia na mengine ni ya kweli. Lakini jana nimeandika habari ya sahani na Elias, na nilipomaliza nililia kama mjinga.

Usinijibu kuhusu vyumba vyako. Najua nyumba ni ya serikali na haichomwi. Sijakuomba.

Dada yako,
Mizelli


Moor Lane, Doncaster
4 Julai 1974

Mizelli,

Nimekifuta. Nimekifuta mbele ya fundi kwa kalamu yake mwenyewe, na pale penye jina lako sasa pameandikwa kabati. Bawaba ni za chuma.

Kuhusu bakuli. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, sikuwa na mama wa kunionyesha, na wewe ulikuwa umesimama mlangoni ukinitazama tangu mwanzo. Ungeweza kusema kabla sijatia soksi. Ulingoja nikosee.

Nelson hakunipigia kelele. Ningependa angepiga. Alikwenda akakaa kwenye lori mpaka chakula kikapoa, na tangu siku hiyo ananiita "wewe". Anaamini nimemfungia mama yake mlango. Sikumwambia uliyoandika, kwa sababu hayo yangemuumiza kuliko kunichukia mimi.

Sitakuandikia tena.

Joan


Gravesend
19 Agosti 1974

Wewe Joan,

Mimi ni Sinfai, mama mdogo wa mume wako. Ulikuja kwangu ukiwa bibi harusi, ukala kipande cha keki na kukiacha nusu.

Jana nilipanda basi mpaka shamba la Tolhurst. Nimemkuta dada yangu ndani ya hema, juu ya majani makavu, amekonda mpaka pete imehamia kidole gumba. Bado anachuma tufaha! Anachuma akiwa amekaa. Nikamwuliza, Nelson yuko wapi, karavani mpya iko wapi? Akasema, "Joan amefuta kitanda changu, Mungu ambariki." Akacheka. Nilidhani homa imempanda.

Umefuta kitanda cha mwanamke anayekufa. Ndiyo, anakufa, tumbo limekwisha, na daktari alimwambia tangu Juni. Na wewe mwenye akili za shule hukujiuliza kwa nini mama anakataa kulala na mwanawe wa pekee? Anaogopa kufia humo mkachoma, na mtoto wako mwenye kifua akabaki nje. Amekutukana ili ukasirike, na wewe ukakasirika, mara moja, bila hata kumsumbua akaandika barua ya tatu! Mromani angesoma matusi yale angejua. Mkwe wa damu yetu angekuja na lori siku hiyo hiyo akambeba na matusi yake.

Niliapa kunyamaza. Nimevunja kiapo kwa sababu yako, na hilo nalo sitakusamehe.

Sinfai


Doncaster
22 Agosti 1974

Mama mdogo Sinfai,

Una vyumba vitatu na unaishi peke yako na paka. Umempata dada yako juu ya majani makavu, ukapanda basi ukarudi kwako, ukakaa kwenye kiti, ukaniandikia mimi.

Sina la zaidi.

Joan


Doncaster
22 Agosti 1974

Mama mkwe,

Mdogo wako amefungua mdomo. Mkasirikie yeye, mimi nina hasira zangu.

Nimekwenda kwa fundi asubuhi. Kabati lilikuwa limeshasimama, refu mpaka darini kama ulivyotaka, zuri kweli. Nimemwambia alibomoe. Alinitukana, nikamtukana zaidi. Nimepata mazoezi mengi mwaka huu. Kitanda kinarudi chini ya dirisha. Nguo za watoto zitakaa ndani ya viti. Unaona? Ingewezekana tangu mwanzo, ungeuliza tu.

Nelson nimemwambia yote na nimemsomea barua zako zote, neno kwa neno, bila kuruka. Alicheka pale penye kichaka, halafu akashindwa kuendelea kucheka.

Ulinidanganya, ukanitia ubaya na mume wangu, ukanifanya nikuchukie mwezi mzima bila sababu, wakati nilikuwa nakuchukia vizuri tu kwa sababu zilizokuwepo. Njoo ulale kwenye kitanda chako. Tukitakiwa kuchoma, tutachoma.

Joan


Shamba la Tolhurst
29 Agosti 1974

Joan,

"Tutachoma." Umeandika kama mtu anayesema tutachemsha chai. Umewahi kukaa kwenye hema mwezi wa Januari na mtoto kifuani, unahesabu pumzi zake? Mimi nimekaa. Kaka yake Nelson yuko ardhini Lincoln, alikuwa hajatimiza mwaka. Nelson hakuwahi kumwona. Usiniandikie habari za kuchoma.

Lakini nimechoka, na hapa wanaanza kunitazama kwa huruma, jambo ambalo siwezi kulivumilia.

Nitakuja kwa sharti. Hapo nyuma ya karavani simamisheni hema. Siku nitakaposema, mnanitoa nje na kunilaza hemani, nimalizie huko, na nyumba ya watoto inabaki safi. Wazee wetu walifanya hivyo. Niapie kwa watoto wako, Joan. Siyo Nelson, Nelson ataapa halafu atalia. Wewe una moyo mgumu, niapie wewe.

Na kichwa changu kisielekee jiko. Nilale nimeangalia mlango.

Mizelli


Doncaster
2 Septemba 1974

Mama mkwe,

Siapi chochote. Nelson anakuja Jumamosi na lori. Kitanda kimegeuzwa, utaangalia mlango.

Joan


Gravesend
20 Januari 1975

Joan,

Tumemzika dada yangu vizuri, watu walijaa mpaka barabarani, hilo nakupa. Lakini leo amepita hapa jamaa kutoka kwenu, anasema karavani bado imesimama. Wiki nzima tangu mazishi! Anasema mapazia yako bado yananing'inia na moshi wa jiko unatoka. Anasema kuna mnunuzi Doncaster ameshakuja kuipima.

Kwa hiyo ndivyo ilivyo. Mnauza kitanda alichofia. Mtu atalala hapo na hatajua. Nelson ni laini, simlaumu, najua ni nani anayeshika usukani kwenye nyumba ile. Ulisema mtachoma. Niliiona barua yako, dada alinionyesha, alikuwa ameikunja akaiweka kifuani. Maneno ya gorja, na mimi nikayaamini.

Usije kwangu tena.

Sinfai


Doncaster
26 Januari 1975

Mama mdogo Sinfai,

Barua yako imenikuta nikiwa na mikono iliyoungua, ndiyo maana maandishi ni mabaya. Nitakwambia yote mara moja.

Alikaa nasi tangu Septemba. Hatukupendana ghafla, kama unataka kujua. Alinisahihisha kila asubuhi na kila jioni. Alisema pazia langu ni la danguro. Aliwafundisha watoto wimbo unaonihusu mimi. Usiku wa mwisho theluji ilikuwa imefika kwenye ngazi, na akasema, "Joan, saa yangu hii. Nitoeni nje."

Nikamwambia, "Hakuna kutoka."

"Hema si lipo?"

"Lipo. Limejaa theluji. Lala."

"Wewe gorja mkaidi, watoto watakosa nyumba!"

"Nyumba ni yangu, mama. Mimi ndiye niliyechora."

Nelson alikuwa analia kwenye ngazi, kama mama yake alivyoandika kwamba atalia. Basi Mizelli akanishika mkono na kuninong'oneza: "Basi msichome. Uzeni. Nakuruhusu mimi mwenyewe, sitarudi kuwasumbua." Alirudia mara nyingi mpaka sauti ikaisha. Ndivyo alivyokwenda, ameangalia mlango, na joto la jiko lilikuwa linamfikia miguuni.

Baada ya mazishi wanaume walikaa na Nelson. Goliath, binamu yake, akasema, "Mama mwenyewe karuhusu, unataka nini tena? Yule mnunuzi gorja hajui mila, kwake kitanda ni kitanda." Wenzake wakaitikia kwa kichwa. Wale ni watu wa damu yenu, mama mdogo, wote. Nelson akamtazama Patience, akanitazama mimi, akatoka kwenda kupasua kuni. Wiki nzima alipasua kuni. Moshi uliousikia ni wangu, nilikuwa nawasha jiko ili mtoto asikohoe, na kila nilipowasha nilikuwa najiambia labda kesho. Nilitaka kuiuza. Nakuambia wazi. Niliitaka nyumba ile kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote, niliichora kwa mkono wangu, kila kiti.

Mnunuzi alikuja, akapanda, akakaa juu ya kitanda chake akakirukia-rukia kupima springi. Akasema, "Hiki ni kifupi kidogo, lakini kwa mama mkwe wangu kinatosha." Akacheka.

Nikamwambia ashuke.

Kila mtu aliyependwa na Mizelli alichomewa vyake. Mume wake, mama yake, yule mtoto wa Lincoln na kitanda chake cha mbao. Sikutaka yeye awe wa kwanza wa kwenu kuuzwa, na auzwe na mimi.

Jana asubuhi niliwatoa watoto na nguo walizovaa. Nilivunja vikombe vyake kwenye jiwe. Nelson alishika kiberiti, akanikabidhi, nikawasha mimi. Goliath na wenzake walivua kofia. Inaungua haraka sana, mama mdogo. Unadhani kitu cha ukubwa ule kitachukua mchana mzima, na kumbe chai haijapoa.

Kwa sasa tuko hemani, lakini mahali palipochomwa hatukai, kesho tunaanza safari kuelekea kusini. Patience hakulala usiku kucha kwa kikohozi. Nelson anamleta kwako Alhamisi na mtoto atakaa mpaka baridi iishe, kwenye kile chumba chenye jua. Usijisumbue kuandika kukataa, barua haitanikuta.

Joan